Mtoto wa Mbwa Anang'ata Watu: Tafuta Kilichotangulia Jino

Kanga ya jirani yangu ilichanika saa 12 jioni, kwenye kibaraza changu hapa Mikindani. Bibi alikuja kurudisha sufuria akiwa na wajukuu wawili. Kabla hata sijamaliza kumwamkia, mtoto wangu wa mbwa, wa miezi 3, akaurukia upindo wa kanga na kuuning'inia. Bibi akapiga kelele, wajukuu wakatimua mbio, mbwa akauacha upindo akawafuata wajukuu.

“Mwanangu,” Bibi aliniambia baadaye, “huyu mkali huyu. Mrudishe ulikomtoa.”

Hakuwa mkali. Alikuwa hajalala tangu mchana, kisha mbele yake kikapita kitambaa kinachopepea. Ilinichukua wiki kadhaa kulielewa hilo, maana kila niliyemwomba ushauri alinipa dawa ileile: mpige. Hakuna aliyeuliza anamng'ata nani, saa ngapi, na muda mfupi kabla ya kung'ata alikuwa akifanya nini. Nikachukua daftari la shule nikaanza kuandika mambo hayo matatu kila alipotia jino. Siku nne zilitosha. Kung'ata nilikodhani ni tabia moja kulikuwa tabia nne tofauti, na kila moja ilikuwa na chanzo chake.

Kwa hiyo soma dalili zilizo hapa chini, utafute inayofanana na ya mbwa wako. Ila ya kwanza isome hata kama haikuhusu leo.

Jino limechubua ngozi

Hapa mafunzo ya mbwa yanasubiri. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Bomba likiwa halitoi maji, mtu mmoja amimine kwa kata na mwingine aoshe. Usipake ugoro, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Walioko Mtwara mjini wana Ligula, walioko Lindi mjini wana Sokoine. Waeleze wazi kuwa umeng'atwa na mbwa, wapime kama unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukianzishiwa sindano, zimalize zote kwa tarehe ulizopangiwa, hata kama kidonda kimeshafunga.

Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema “ni kitoto tu”. Udogo wa mbwa si kinga. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa nacho, na ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humuua. Mtilie shaka mbwa aliyebadilika ghafla: mpole amekuwa wa kushambulia hata vijiti, au mchangamfu amejificha gizani; sauti imekuwa ya kukwama; mate yanamtoka; taya limelegea; hawezi kumeza; miguu ya nyuma inayumba. Huyo usimguse wala usimtie kidole mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie mahali salama kama unaweza kufanya hivyo bila kumkaribia, umwite afisa mifugo wa kata.

Mbwa aliyeng'ata lakini anaonekana mzima, watu wasimwue kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na kirusi hicho. Lakini aliyeng'atwa asingoje siku hizo 10 ziishe ndipo aende hospitali.

Na wenye watoto nyumbani, waambieni mapema kwamba anayeng'atwa hagombezwi. Mtoto anayeogopa kuchapwa hulificha jeraha chini ya nguo, na hilo linanitisha kuliko meno yenyewe.

Chanjo ya kichaa mbwa wako aipate akifika miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Lindi na Mtwara zimewahi kuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, katika miaka ya 2010, kwa hiyo wazee wengi wa vijijini wanakumbuka foleni za mbwa na kamba zao. Ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri yako, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

“Tukicheza naye, mikono inajaa mikwaruzo”

Mwili wake umelegea, mkia unatikisika, anainamisha kifua chini na kuinua makalio, kisha anarukia vidole. Huu ni mchezo. Ndivyo alivyocheza na ndugu zake, na ndugu zake ndio waliokuwa wakimfundisha kipimo: aking'ata kwa nguvu, mwenzake analia na kuacha kucheza, yeye anabaki peke yake. Baada ya kuachwa hivyo mara nyingi anajifunza kupunguza nguvu ya taya.

Sasa jiulize, ulimchukua akiwa na umri gani? Huku kwetu watoto wa mbwa hugawiwa mapema, wiki 4 au 5, mara tu mwenye mbwa anapochoka kulisha kundi. Wa kwangu nilimtoa shambani, njia ya Naliendele, akiwa na wiki 5, na nikafurahi kwamba nimewahi. Lilikuwa kosa langu. Wiki 8 ndiyo umri wa kumwachanisha na mama yake. Aliyeondoka kabla ya hapo anakuja kwako na somo nusu, na wewe ndiye wa kulimalizia.

Namna ya kulimalizia ni ileile ya ndugu zake. Jino likigusa ngozi, mchezo umekufa. Usivute mkono kwa kasi, maana mkono unaokimbia ni windo. Ulegeze, utulie, kisha simama umpe mgongo. Akikufuata na kukung'ata kisigino, ingia ndani ufunge mlango, uhesabu polepole mpaka 30, utoke. Usiseme neno. Akirudi kwa upole, endelea kucheza, lakini safari hii mpe kamba ya katani yenye fundo aishike badala ya vidole.

Wengine hushauri ulie “aaai!” kama mtoto wa mbwa. Kuna wanaokoma wakisikia, na kuna wanaopandwa na mori zaidi. Jaribu siku moja tu. Ukiona anaongeza kasi, acha.

Ugumu wa njia hii uko kwa watu, si kwa mbwa. Mama anampa mgongo, kaka anarudi kutoka kazini na kumchezesha kwa kiganja, “ng'ata, ng'ata!”, na mbwa anajifunza kwamba kung'ata kunalipa kwa baadhi ya watu. Mmoja akivunja, kazi ya wote inarudi mwanzo. Kaeni chini mkubaliane kwamba katika nyumba hii mkono si kitu cha kuchezea.

“Mchana ni malaika, jioni kama amepagawa”

Hii ndiyo iliyokuwa shida yangu kubwa, na ndiyo ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Daftari langu lilionyesha kuwa kung'ata kwingi kuliangukia kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Anazunguka uani kwa kasi, macho yamemtoka, akikamata kitu hakiachi, ukimkemea anazidi. Nilidhani ana nguvu nyingi mno, nikawa namkimbiza pwani ili achoke. Akawa mbaya zaidi.

Mtoto wa mbwa anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Hesabu nyumba ya kwetu: asubuhi kuku na mafagio, mchana joto lisilompa mtu raha, saa 9 watoto wanarudi shule na kila mmoja anataka kumbeba. Kila anaposinzia, kuna anayemwamsha. Jioni inapofika ni sawa na mtoto mchanga aliyenyimwa usingizi, isipokuwa huyu kilio chake kiko kwenye meno. Kumkimbiza pwani kulikuwa kumnyima na kile kidogo alichobakiwa nacho.

Tiba ni mahali. Mtafutie pembe yenye kivuli na upepo, chini ya mwembe au nyuma ya jiko, uweke gunia, bakuli la maji na uzio mdogo wa fito au matete, ili asitoke na watoto wasiingie. Baada ya kila saa moja hivi ya kuwa macho, mpeleke huko akalale. Mwanzoni atalia. Kaa karibu bila kumsemesha mpaka anyamaze. Mimi nilimwekea pia zamu ya lazima ya saa 10 alasiri, kabla ya kile kipindi chake kibaya. Ndani ya wiki moja jioni zilibadilika, na sikuwa nimemfundisha neno hata moja.

Kama analala vya kutosha na bado jioni ni balaa, angalia sahani. Anayekula mara moja kwa siku, uji wa dona uliobaki, ana njaa ifikapo jioni. Mpaka miezi 6 agawiwe milo 3, na ndani yake kuwe na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, au mayai.

“Anakimbilia kanga, kanzu na miguu ya watoto”

Kinachomvuta ni mwendo. Mbwa ameumbwa kufuata kinachokimbia na kupepea, na pwani ya kusini hakuna kinachopepea kama mavazi yetu. Shungi, buibui, upindo wa kanzu, kanga ya mgongoni, vyote vinapita kwenye usawa wa mdomo wake. Mtoto akikimbia akipiga kelele, ameukamilisha mchezo.

Usilipuuze hili kwa sababu tu ngozi haikuguswa. Katika nyumba nyingi za hapa mate ya mbwa ni najisi, na jirani aliyeguswa kanzu akielekea msikitini inabidi arudi kuiosha mara 7, mojawapo kwa udongo, na swala inamsubiri. Ukimwambia “anacheza tu huyo” umemvunjia heshima. Kamwombe radhi, na umwahidi kwamba mbwa hatakuwa huru nyakati za watu kupita. Mimi nilikwenda kwa Bibi na kanga mpya, nikamweleza ninachofanya. Alinisikiliza, na akawaambia wajukuu wake wafanye nilichowaomba.

Nilichowaomba ni hiki: mbwa akija mbio, simameni kama mnazi. Miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho juu, kimya. Mnazi haukimbii, kwa hiyo hauna utamu. Akishawaangusha chini, jikunjeni kama jiwe, mikono ikifunika shingo na masikio. Tulifanya mazoezi hayo mbwa akiwa amefungwa, mpaka ikawa kwao ni mchezo. Na mtoto chini ya miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kuingia jikoni kugeuza ugali. Hapo sina mjadala.

Upande wa mbwa, mfunge kamba nyepesi ya mita 2 saa za chuo cha Kurani na saa za swala, wewe ukiwa umeishika. Kabla kitambaa hakijamfikia, mwite jina. Akigeuka, mpe dagaa mmoja. Kitambaa kimepita, dagaa imepatikana kwako. Anza na mtu anayetembea taratibu kwa mbali, hatua 20 hivi, upunguze umbali siku hadi siku. Mfundishe pia “kaa”: shika dagaa juu ya pua yake, usogeze nyuma kidogo kuelekea masikioni, makalio yatashuka yenyewe, yakigusa chini, mpe. Mbwa aliyekaa hawezi wakati huohuo kuning'inia kwenye upindo wa mtu.

Wa kwangu alichukua karibu miezi miwili.

“Anatafuna kila kitu, na nimeona damu kwenye ufizi”

Anabadilisha meno. Ana meno 28 ya utoto, madogo na makali kama miiba, na yanaanza kung'oka akiwa na miezi 3 hadi 4 kupisha meno 42 ya ukubwani, ambayo huwa yamekamilika kufikia miezi 7 hivi. Ufizi unamwasha. Mpe kitambaa kizito kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji, au kama huna friji, kilicholala usiku kucha ndani ya mtungi wa maji. Kipe fundo, mwache akitafune ukiwa unamwona, na kikianza kunyofoka kiondoe.

Kuna vitu vya hapa kwetu ambavyo asipewe. Maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayounguza. Wabanguaji wanayajua kwa vidole vyao, na mdomo wa mbwa ni laini kuliko vidole. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, usimruhusu kuzurura kwenye marundo. Gunzi la mahindi na kokwa la embe humeng'enyeka kwa shida na huweza kuziba utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha. Muhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu.

“Ukimshika tu anageuka na jino”

Ikiwa mahali ni palepale, ni maumivu. Mgeuze polepole umkague: funza wa tekenya katikati ya vidole, kupe ndani ya masikio, vidonda vya nzi kwenye ncha za masikio, tumbo gumu lililojaa minyoo. Mkaguzi mzuri huanza mbali na panapouma na humlipa mbwa dagaa kwa kila anapogusa. Dawa ya minyoo anaihitaji mara kwa mara utotoni, na afisa mifugo atakupangia kwa uzito wake.

Ikiwa ni popote, huenda amechoka kubebwa. Watoto humwinua kwa miguu ya mbele na kumning'iniza. Wafundishe kukaa chini na kumngoja aje mwenyewe.

“Ananguruma ukisogelea bakuli lake”

Alilelewa kwenye sinia moja na ndugu 7, na mwenye haraka ndiye aliyeshiba. Usimnyang'anye chakula ili “ajue nani mwenye nyumba”, kwani kila unaponyang'anya unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Pita hatua 3 kutoka bakuli, rusha kipande cha samaki karibu na bakuli, endelea na safari yako. Fanya hivyo kila mlo, ukikaribia kidogokidogo. Siku moja utamwona anainua kichwa kukutazama kwa hamu badala ya kuganda. Katika muda huo watoto wasikaribie akila.

Na usimpige kwa kunguruma. Mngurumo ni taarifa. Ukimfundisha kukaa kimya, atabaki na jino lisilo na onyo.

“Anang'ata wageni, wa nyumbani hapana”

Mkia uko katikati ya miguu, anarudi nyuma, anabweka, na mgeni akigeuka ndipo anamdaka kisigino. Ni hofu. Kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi mbwa anajifunza dunia ni nini: sura, sauti, mavazi, bodaboda, mvua kwenye bati. Aliyeipitisha miezi hiyo amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, kila mgeni kwake ni jambo jipya na la hatari.

Kama bado yuko ndani ya umri huo, mtoe. Hajamaliza chanjo? Usimweke chini mahali mbwa wengine wanapokojoa na kunya, kwa sababu ya ugonjwa wa parvo unaowaharisha damu na kuwaua haraka. Mbebe kwenye kikapu. Kaa naye kandokando ya stendi, gatini, karibu na wavuvi wanaokunja nyavu, dakika 15 tu, huku unampa vipande vya samaki. Mgeni asimguse, mbwa achague mwenyewe kunusa. Kama umri umeshapita bado inawezekana, ila kwa mwendo wa kobe na kwa umbali mkubwa zaidi.

Hapa kuna neno kwa wanaofuga mbwa wa ulinzi wa nyumba au wa kufukuza ngedere na nguruwe pori mashambani. Wengi wanampiga, wanamlisha pilipili, wanamchokoza kwa fimbo ili “awe mkali”. Pilipili inamuumiza tumbo tu. Kipigo kinamfanya aogope mikono, na mbwa mwenye hofu hachagui: atamng'ata mwizi, na atamng'ata mwanao anayemletea maji. Mbwa anayewajua watu vizuri ndiye anayetambua nani hastahili kuwa uani usiku, na kubweka kwake kunatosha. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Ukiwa umejaribu na hakuna kinachobadilika

Kung'ata kwa mchezo kunapaswa kulegea wiki hadi wiki, na akifika miezi 6 au 7 kuwe kumekwisha au kubaki kidogo. Mtafute daktari wa mifugo mapema zaidi ukiona mwili wake unakuwa mgumu kama ubao kabla ya kung'ata, macho yanakukazia bila kupepesa, anang'ata na kushikilia, au anarudia mara mbili tatu kwa nguvu. Mpeleke na kadi yake ya chanjo, na ubebe lile daftari: saa, nani, na kilichotangulia.